Jani Kwenye Glasi ya Mwalimu

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai. Baridi. Manyunyu yalianza kabla hatujaamka, yakakata saa nne, yakarudi tena. Mlima hatujauona tangu Jumatano.

Naandika kwenye daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Nimeligeuza nianzie nyuma, ili mikono na viuno vya watu visichanganyike na mambo yangu. Niliishia darasa la saba, na kila sentensi naifumua mara mbili kabla sijaiacha. Hata hivyo nataka niandike ya wiki hizi nne nikiwa bado nayakumbuka vizuri, kwa sababu kuna mahali nahisi nilifanya haki na mahali nahisi sikufanya, na mahali penyewe panahamahama.

Zamani tulikaa vyumba viwili karibu na soko, mimi na mume wangu. Choo kilikuwa nje, unavuka ua wenye mawe. Hatukuwa na neno, mpaka macho ya mama yangu huko Mwika yalipofika mwisho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema watafanya la kulia kwanza, la kushoto mwezi unaofuata, na katikati hapo asikae kwenye moshi wala vumbi, na dawa ya matone asikose. Jiko la mama ni la kuni. Ukiingia bila kukohoa anakuuliza kama unaumwa. Kumrudisha kule na jicho bichi ilikuwa sawa na kutomtibu. Tukahitaji nyumba ambayo mtu asiyeona anaweza kwenda chooni kwa kushika ukuta.

Dalali alituleta huku juu, mtaa wa miti mikubwa. Nyumba ni ya zamani, imegawanywa apatimenti tatu, marumaru chini, jipsamu juu, jiko lina makabati meupe kama ya daktari wa meno.

"Hii imekarabatiwa mpaka ndani ya mabomba," alisema dalali. "Na mtaa umetulia. Hapa hata jogoo anawika kwa adabu."

Mume wangu anaendesha lori la mchele kutoka Chekereni, akifika nyumbani anataka kulala tu. Yeye aliupenda ule ukimya siku ileile. Mimi sikuweza kutulia. Nilikuwa nafuta sinki ambalo sijalitumia. Nikisikia hatua zangu kwenye marumaru nageuka kuangalia nani anakuja. Cherehani nililileta nikashindwa pa kuliweka, kila kona ilionekana kama ya mtu mwingine, nikalirudisha kibandani kwangu sokoni. Mwenye nyumba anakaa apatimenti ya mbele, yenye kibaraza. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Tabora, kazi ndiyo iliyomleta Moshi. Sote tunamwita Mwalimu. Nikimwandikia ujumbe kwenye simu ananijibu, halafu anarekebisha herufi zangu. Simlaumu, huwa zinahitaji.

Mama aliletwa Jumapili baada ya ibada, na mkungu wa ndizi na fimbo yake. Nilimshika mkono kutoka getini. Pale kuna kijia cha kwenda mlangoni kwetu, na kandokando yake Mwalimu ana mstari wa mimea yenye majani marefu. Mama aligusa jani moja kwa fimbo, akainama akalishika. Akasimama.

"Nani amelala hapa?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Haya si masale? Unanipitisha juu ya mtu?"

Kwetu Uchagani sale si ua. Linaoteshwa mpakani, shamba la huyu liishie hapa na la yule lianzie hapa. Na linaoteshwa pale alipolazwa mtu wa ukoo, kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Mama kwa macho yake yale aliona kivuli cha majani yamepangwa mstari, na mkono wake ukamwambia yaliyobaki. Mimi nilikuwa nimepita hapo wiki mbili na vikapu kichwani. Niliposikia lile neno nikaona aibu ikinipanda shingoni. Nilikuwa nimeyaona, lakini nikayahesabu kuwa maua.

Aliingia ndani kwa sababu mvua ilianza. Hakuvua viatu.

"Mimi ni mtu wa kanisa," alimwambia mume wangu, "siogopi mizimu. Lakini kuna adabu. Mtu amelala, wewe unapika, unaoga, unafungulia maji juu yake, na hata hamjatambulishwa."

"Tumetambulishwa, mama. Tuna mkataba."

"Na yeye alisaini?"

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka, kwa sababu asubuhi nilimkuta mama amekaa kwenye kiti cha sebuleni, viatu mguuni, kitenge begani, kama mtu anayengoja gari. Hivyo ndivyo alivyomaliza siku tatu. Kitanda nilichomtandikia kilibaki na mikunjo ya pasi.

Nikaanza kuuliza. Mlinzi wetu ni mzee wa Kipare, si mtu wa maneno mengi. "Mimi nilianza kazi mafundi wakipaka rangi," alisema. "Yale niliyakuta." Mwalimu nikamuuliza kwa kuzungukazunguka. Akasema, "Nilinunua mwenyewe kwa wauza miche barabarani, rangi ilipokauka." Nikabaki na majibu mawili yasiyokaa chumba kimoja. Nikiwa kazini nashona namwamini Mwalimu. Nikirudi jioni, nikikuta kile kiti, namwamini mlinzi. Ningependa kusema sikumshuku mtu, lakini nilimshuku Mwalimu. Nilifikiri, amefunika kitu chini ya marumaru zake, na anajua.

Alhamisi tukaenda hospitali. Wakampima mama presha, wakapima tena mkono wa pili.

"Bibi, unalala?" aliuliza nesi.

"Ningelala wapi?" alisema mama.

Wakaturudisha. Njooni Jumanne ijayo, presha ikiwa hivi hatumgusi. Njiani mama aliniambia hatarudi tena hospitali akitokea kwenye nyumba ile. Afadhali moshi wa kwake na giza lake. Nilijua hasemi kwa hasira. Akisema kwa hasira hurudia, na hili alilisema mara moja.

Ndipo nilipofanya lile ambalo bado linanisumbua. Nilikwenda kibarazani kwa Mwalimu. Alikuwa anajaza chemsha bongo ya gazeti, miwani puani. Njia nzima nilijifunza maneno mazuri, kwamba mama ni mgonjwa, kwamba tunashukuru. Nilipofika yakapotea yote.

"Mwalimu, tutahama. Mama hajapazoea."

"Hajapazoea au hajapapenda? Ni vitu viwili."

Nikatafuta jibu kama mwanafunzi aliyesimamishwa. Nikasema, "Nyumba yako ina kitu."

Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo hata maji hatakukaribisha tena. Maana yake nyumba imeoza ndani, watu wasikae, waambiane. Na yeye alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake, alikuwa akisimama na mafundi juani, mlinzi amenisimulia. Mwalimu alivua miwani.

"Ina kitu," alisema. "Sawa. Mwisho wa mwezi."

Akaivaa, akarudi kwenye gazeti. Nilingoja anirekebishe. Hakunirekebisha.

Nilipomwambia mama kuwa tunahama, alivua viatu siku hiyohiyo. Alilala kwenye kitanda, akasema mgeni wa wiki tatu anavumilika, anayejua ataondoka si mkosefu. Jumanne presha ilikuwa imeshuka, wakamfanyia jicho. Nilifurahi, na hapohapo nikajiuliza kama nimenunua furaha hiyo kwa kumwumiza mwenzangu.

Jumatano wakamfungua bandeji. Tukarudi kwa bajaji, mama na miwani yake nyeusi. Getini mawingu yalikuwa yamefunguka, na mlima ulikuwa umesimama juu ya miti. Akasimama akautazama.

"Kumbe theluji imebaki kidogo hivi," alisema. "Hamkuniambia."

Akageuka kwenye kijia. Aliinua miwani kidogo, akalitazama sale la kwanza, akalishika, akasogea kwa la pili. Mimi nilikuwa nimeshika dawa na sweta lake.

"Mwanangu, wewe si fundi nguo?"

"Ndiyo, mama."

"Ukiletewa nyuzi tatu za bluu, si unazitofautisha?"

"Nazitofautisha."

"Hili jani lina nini katikati?"

Nikainama. Katikati ya kila jani kulikuwa na mstari wa njano, mpana kama utepe wa sare, toka shina mpaka ncha.

"Mstari," nikasema.

"Sale la Mwika lina mstari?"

Mama akaanza kucheka, akishika jicho lake kwa juu ya miwani.

"Mama, daktari amekukataza kucheka kwa nguvu."

"Basi na wewe usinichekeshe. Haya ni maua ya benki, ya kupambia mlango! Nimekaa kitini siku tatu kwa ajili ya maua ya benki!"

Aliyahesabu yote. Manane yalikuwa na mstari. La tisa, la mwisho kabisa, limebanana na ukuta wa jirani, lilikuwa kijani tupu, shina nene lililozeeka. Hapo hakucheka. Alililaza jani kiganjani.

"Hili ndilo lenyewe. Liko ukutani. Huu ni mpaka, aliyeotesha alijua anachofanya."

Kwa hiyo Mwalimu alisema kweli, manane aliyanunua, na mlinzi alisema kweli, la tisa alilikuta. Mimi niliuliza vibaya, niliuliza "yale maua" kana kwamba yote yamezaliwa siku moja. Nilitaka kumwambia mama kwamba ukuta umejengwa baadaye, kwamba labda si mpaka. Sina uhakika mpaka leo. Lakini alikuwa ameshaamua, na jicho lilikuwa lake.

Ndani aliniuliza nilimwambiaje Mwalimu. Nikamwambia neno kwa neno.

"Ulimwambia nyumba yake ina kitu?"

"Ndiyo."

Kisha akanituma nikate jani moja la lile sale la ukutani. Akalikunja, akalifunga fundo katikati, vidole vyake vikifanya bila kuangaliwa. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito, unamchukulia sale. Na aliyechukuliwa sale hakatai. Watu waliopigana mapanga wamekaa meza moja kwa sababu ya jani hilo.

"Peleka."

"Mama, Mwalimu ni mtu wa Tabora. Hajui hili ni nini."

"Wewe unajua. Inatosha."

Nilipeleka. Na kwa mdomo pia nilisema, nisijifiche nyuma ya jani. Nilimwambia nilikosea kuhusu nyumba yake, nikamweleza mama alichodhani, na nikaomba kama inawezekana tubaki mpaka jicho la pili. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini Jumamosi kuna watu wanakuja kuangalia. Nimeshawapa neno langu. Wakiipenda ni yao."

"Ni haki, Mwalimu."

"Na hili? Umelifunga vizuri." Alilichukua, akaingia ndani, akatoka na glasi ya maji, akalisimamisha humo kwenye ukingo wa kibaraza.

Sikumweleza. Nilifikiri, nikimweleza nitakuwa nimemkaba koo, asamehe asitake. Halafu nikarudi ndani nikafikiri, nisipomweleza nimemfanyia mchezo. Siku tatu nimezunguka na hilo. Nimeshona koti la mtu mkono wa kushoto kulia.

Leo wakaja. Mzee mmoja wa Kibosho, koti refu na kofia, na binti yake aliyepata kazi hapa mjini, anataka kumleta baba akae naye. Mimi na mama na mume wangu tulikuwa jikoni, dirisha linaangalia geti. Binti alipita mbele. Mzee aliufikia mstari wa mimea, akasimama.

"Amesimama," alisema mama.

Mzee alimwita binti yake, akamnong'oneza. Binti akaangalia chini, akarudi nyuma hatua moja.

"Mke wangu," alisema mume wangu taratibu, "nyamaza tu. Dakika mbili. Hatujasema uongo, tunanyamaza tu."

Alisema kweli, ule haukuwa uongo. Wangeondoka wenyewe, na mama angebaki na jiko lisilo na moshi mpaka jicho la kushoto lipone. Nilimtazama mama. Alinitazama kwa jicho lake moja jipya, na mpaka sasa sijui alitaka nini. Nilishika kitambaa cha sinki. Nikafuta. Halafu nikakiweka chini nikatoka, nikiwa najilaumu kabla hata sijafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, hapa kuna mtu?"

"Hapana, mzee. Angalia katikati ya jani."

Akainama, akavaa miwani. "Aa," alisema. "Ya benki."

"Ila lile la mwisho ni sale. Sisi tunasema ni la mpaka, lakini sikuwepo likioteshwa. Siwezi kukuapia."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye unayehama?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya haya?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. Wakaingia. Binti alifungua kila bomba na kila kabati, na kila alipofungua mimi nilihisi kama anafungua mkoba wangu. Mzee na mama walisalimiana Kichagga. Cha Kibosho na cha Mwika vikagongana njiani, wakarudi kwenye Kiswahili wakaulizana habari za kahawa. Kisha wageni wakaaga, wakaenda kibarazani kwa Mwalimu kukubaliana. Mume wangu alikwenda sebuleni. Alikaa akatazama jipsamu.

Dirisha lilikuwa wazi, na mtaa wetu ni ule wa kimya. Nilisikia yote bila kutaka, au labda nilitaka.

"Mwalimu," ilikuwa sauti ya mzee, "nani amekukosea?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Hili jani. Lina fundo, hukuliokota."

"Aliniletea mpangaji wangu, yule anayehama. Alikuja kuomba radhi."

"Ukalipokea?"

"Nikaliweka kwenye maji."

"Basi imekwisha."

"Nini imekwisha?"

"Ukilipokea umeshasamehe. Wewe tena umelinywesha na maji!" Nikasikia kiti kikisogezwa. "Hawa watu wameomba wabaki?"

"Waliomba, lakini nilishakupa neno langu wewe."

"Basi nakurudishia. Siwezi kuingia nyumba iliyoombewa sale."

"Baba!" ilikuwa sauti ya binti. "Jiko lile, baba!"

"Tutapata jiko."

"Mzee, mimi si Mchaga," alisema Mwalimu. "Mimi ni mtu wa Tabora."

"Jani halijui."

Geti likafungwa. Muda si mrefu Mwalimu alikuwa mlangoni kwetu na glasi mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningekuwa nimekulazimisha."

"Na usiponiambia?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hata mimi sijui," alisema. "Ninyi watu mna sheria zenu, mnazioteshea bustanini kwangu. Haya, kaeni. Lakini nyumba yangu haina kitu."

"Haina."

"Sema vizuri."

"Nyumba yako haina kitu, Mwalimu."

"Haina kitu, Mwalimu!" mume wangu akaitikia kutoka ndani, kama darasa zima.

Mwalimu alicheka, ndipo akaingia. Mama akamvutia kiti, kilekile.

Baadaye nilimuuliza mama kama alijua itatokea hivi, kwamba atapita mtu wa kulisoma lile jani. "Mimi nilikupa jani tu," alisema, akainua uso nimtie matone. Viatu vyake viko chini ya kitanda. Lakini namfikiria yule binti alivyolishika bomba mara ya mwisho kabla ya kutoka. Nimemwomba mlinzi aniambie apatimenti ya tatu ikija kuwa wazi, nimtafute. Sijui kama hiyo inatosha, na sinki nimelifuta tena.

Jioni tulikula kiburu cha ndizi za Mwika na maharage, nilikiponda mwenyewe, na maziwa ya mgando pembeni. Mwalimu alichukua bakuli lake. Mama alisema gesi haijui kupika, kiburu kimekosa moshi. Akaongezewa mara mbili.